Bel-Air: waganga wapo, daktari wa familia ndiye anayekosekana

Tembea Bel-Air asubuhi, kabla joto halijapanda, na uhesabu vibao: kituo cha afya, polikliniki, nyumba ya uzazi, maabara, duka la dawa. Vingine viko kando ya barabara na taa zake, vingine vimejificha ndani ya lupango, nyuma ya geti lenye msalaba uliochorwa kwa mkono. Mgeni atasema wakaaji wa kartie hii wana bahati, maana waganga wamewafuata hadi mlangoni.

Lakini muulize mkaaji swali dogo: munganga wako ni nani? Wengi watakutajia jengo. Wachache watakutajia mtu, yaani daktari anayejua kwamba baba wa nyumba ana presha, kwamba mtoto wa pili ni SS, kwamba mama alipoteza mimba mbili, na kwamba bibi aliyekuja kutoka Kamina anaficha vidonge chini ya mto.

Daktari wa namna hiyo anaitwa daktari wa familia. Si bingwa wa moyo wala wa kupasua. Ubingwa wake ni kuwajua watu walewale kwa miaka mingi, kutibu karibu na nyumbani yale yanayotibika, na kumpeleka mgonjwa hospitali mapema pale inapobidi. Namna ya kuwapata madaktari hao katika makao yanayokua haraka ni mjadala wa dunia nzima, toka miji midogo ya Canada hadi vijiji vya Mali. Hapa Lubumbashi mjadala huo mara nyingi unaanza na kuishia kwenye maneno mawili: madaktari hawatoshi.

Kwa Bel-Air, maneno hayo hayatufikishi mbali. Madaktari wapo, na wengine wako nyumbani bila kazi. Kinachokosekana ni nafasi yenyewe: kazi yenye jina, malipo yanayojulikana na orodha ya familia, ambayo kijana mwenye diploma ya udaktari anaweza kuiomba, akaipata, akakaa nayo.

Kartie inayojaa

Bel-Air iko katika komini ya Kampemba, moja ya komini saba za Lubumbashi, na utawala umeigawa sehemu mbili: Bel-Air ya kwanza na Bel-Air ya pili. Jina lake la Kifaransa maana yake ni hewa nzuri. Mji wenyewe ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, ukiitwa Elisabethville. Leo una wakaaji zaidi ya milioni mbili, na unaendelea kupokea wengine: wanaoshuka gari-moshi kutoka Kasai na Haut-Lomami, wanaokimbia vita au njaa vijijini, wanafunzi wa chuo kikuu, na wafanyabiashara ambao wiki yao inagawanyika kati ya hapa na Kasumbalesa.

Kartie za karibu na katikati ya mji hazina tena mahali pa kupanuka, kwa hiyo zinajaa kwa ndani. Lupango uliokuwa na nyumba moja na mwembe sasa una vyumba vya kupangisha pande tatu, na kila mlango ni familia. Wapangaji wanahama kila bei inapopanda. Mtoto aliyeanza chanjo zake Katuba anaweza kuzimalizia Bel-Air, au asizimalize kabisa, kwa sababu karatasi yake ilipotea siku ya kuhama.

Ni watu wangapi basi? Nchi yetu ilifanya sensa yake ya mwisho mwaka 1984. Mtu aliyezaliwa mwaka ule leo anaweza kuwa babu. Hesabu zote zilizofuata ni makadirio, na zoni za afya zinapanga chanjo, vyandarua na dawa kwa kutegemea makadirio hayo. Kartie inayojaa kwa ndani ndiyo inayopunjika zaidi, kwa sababu kwenye ramani haijabadilika, na mlangoni watu wamekuwa mara mbili. Hapo ndipo orodha ya familia inapoanza kuwa na maana: daktari anayeandika majina ya watu anaowahudumia anajua idadi yao kwa kuwataja, nyumba kwa nyumba.

Ramani inayoanza na muuguzi

Ili kuelewa kwa nini nafasi hiyo haipo, turudi nyuma kidogo. Mfumo wa afya wa Kongo umejengwa juu ya zoni za afya, ambazo leo zinafika 519 nchini. Kila zoni imegawanywa katika maeneo madogo, na kila eneo lina kituo chake cha afya. Kituo kinaongozwa na muuguzi, yule wakaaji wanayemwita IT. Daktari yuko juu zaidi, katika hospitali kuu ya zoni.

Mpango huo haukuwa wa kijinga. Miaka ya 1970, madaktari waliofanya kazi Kasongo, Maniema, pamoja na Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, walionyesha kwamba muuguzi aliyefundishwa vizuri na anayetembelewa na daktari anaweza kutibu sehemu kubwa ya wagonjwa wa kijijini. Mwaka 1978 mkutano wa Alma-Ata ulilipa wazo la namna hiyo nguvu ya dunia nzima: afya ya msingi karibu na watu. Kongo ilikuwa kati ya nchi zilizolifuata mapema. Kwa nchi kubwa yenye barabara chache na madaktari wachache, hakukuwa na njia bora zaidi.

Lakini mpango huo ulichorwa kwa kijiji, ambako kituo ni kimoja na watu wanajulikana. Mjini mambo yalikwenda njia nyingine. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, UNILU, kinatoa madaktari kila mwaka. Serikali haiwezi kuwaajiri wote, na wengi hawataki kwenda mbali bila malipo. Kwa hiyo wanafungua vituo, au wanapewa zamu katika vituo vya wengine. Walimu wa Chuo cha Afya ya Umma cha UNILU wameandika kwa miaka mingi juu ya tatizo hili la kuvalisha mji nguo iliyoshonwa kwa kijiji, na waliichukua zoni ya Tshamilemba, hapahapa Lubumbashi, kuwa uwanja wa kujifunzia namna daktari anavyoweza kuwekwa kwenye ngazi ya kwanza, karibu na familia.

Matokeo ni kwamba mjini tuna ngazi ya kwanza mbili. Moja ni ya serikali na makanisa, yenye muuguzi, kitabu cha chanjo na sheria zake. Nyingine ni ya watu binafsi, yenye daktari, lakini isiyo na eneo, isiyo na orodha, na inayoishi kwa kile mgonjwa anachoacha dirishani siku hiyo.

Malaria na tifoidi

Tuchukue mfano ambao kila mkaaji wa Bel-Air ataufahamu. Mama wa miaka 50 anauza makala na mchicha sokoni. Kichwa kinamuuma wiki mbili. Anakwenda kituo cha kwanza, anafungua fishi, analipa kuonana na daktari, analipa maabara. Anatoka na karatasi inayosema malaria na tifoidi, anatundikiwa serumu, anapewa sindano. Kichwa kinatulia siku tatu. Kinaporudi, anabadilisha kituo, maana kile cha kwanza "hakikumuweza". Anafungua fishi mpya, analipa maabara upya, na karatasi inasema tena malaria na tifoidi.

Kipimo cha Widal, ambacho ndicho kinachotoa tifoidi nyingi za mji huu, ni dhaifu: kinaweza kuonyesha dalili kwa mtu aliyeugua zamani au aliyeambukizwa ugonjwa mwingine. Wauguzi na madaktari wanalijua hilo. Lakini kituo kinachoishi kwa malipo ya kila tendo kinapata hela kwenye fishi, maabara, serumu na sindano. Kumkalisha mama yule dakika 20, kumpima presha mara tatu, kumuuliza anakula chumvi kiasi gani na nani mwingine kwao alianguka ghafla, hakulipi. Na hakuna anayejua kwamba kituo cha jirani kilimpa dawa gani wiki iliyopita.

Mwaka unapita. Siku moja mama anaanguka sokoni, mkono na mguu wa upande mmoja havifanyi kazi. Familia inakusanya makuta, inampakia kwenye teksi hadi hospitali kubwa. Presha, ambayo dawa yake ni vidonge vya kila siku vya bei ndogo, imekuwa deni la ukoo mzima.

Hakuna mtu mmoja wa kulaumiwa katika hadithi hiyo. Kila daktari aliyemwona alifanya kazi ya siku yake. Hakuna aliyelipwa ili amfuate kesho.

Kuna magonjwa mengine yanayodai mtu mmoja wa kukumbuka. Mtoto mwenye SS anahitaji daktari anayejua damu yake, chanjo zake na dalili zake za hatari kabla homa haijapanda. Mgonjwa wa sukari vilevile. Na katika mji wa migodi kuna swali ambalo mganga wa kupita haulizi: mzee wako anafanya kazi gani? Mwaka 2020, watafiti wa UNILU na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa katika jarida la The Lancet Planetary Health utafiti uliofanywa Lubumbashi. Uligundua kwamba watoto ambao baba zao walifanya kazi zinazohusiana na uchimbaji wa madini walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuzaliwa na kasoro za mwili. Habari ya namna hiyo inaweza kumsaidia mama kama kuna mtu aliyeandika kazi ya baba kwenye faili kabla mimba haijaingia.

Kumbukumbu ya kampani

Wazee wa mji huu hawashangai wakisikia habari ya daktari wa familia. Watasema: tulikuwa naye. Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliona mapema kwamba mfanyakazi aliyeletwa bila mke alikuwa akiugua, akitoroka au akifa. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 ilibadilisha siasa yake: ikaita wake, ikajenga kambi, shule, hospitali na mahali pa kupimia watoto uzito. Baada ya serikali kuichukua mwaka 1967, na hatimaye ikaitwa Gécamines, mfanyakazi, mke na watoto waliendelea kutibiwa bila kufungua mfuko. Jina la familia lilikuwa kwenye faili, na faili ilikuwa na daktari.

Tusiipambe kumbukumbu hiyo. Daktari wa kampani alikuwa wa kampani. Alihesabu siku za kazi zilizopotea, na wale wasiokuwa na mtu kazini walibaki nje ya ukuta. Lakini somo lake moja bado ni zima: daktari alikaa kwa sababu mshahara wake haukutegemea idadi ya sindano alizodunga.

Gécamines ilipoanguka miaka ya 1990, faili zile zilianguka nayo. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya elfu 10 waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Pamoja na kazi walipoteza munganga. Watoto wao ndio leo wanahama kutoka kituo hadi kituo, fishi mkononi.

Kwa nini kijana hakai

Weka upande wa pili wa meza daktari wa miaka 28. Amesoma miaka mingi, wazazi wameuza walichokuwa nacho. Ameandikwa kwenye chama cha madaktari, ana namba yake. Anaangalia njia zilizoko mbele yake.

Ya kwanza ni serikali. Ili ulipwe unahitaji matrikili, kisha jina lako liingie kwenye orodha ya mishahara, kisha kwenye orodha ya primu ya hatari ya kazi, ambayo kwa madaktari wengi ndiyo inayobeba maisha kuliko mshahara wenyewe. Kati ya kuanza kazi na kuingia kwenye orodha hizo miaka inaweza kupita. Migomo ya madaktari, ukiwemo ule wa mwaka 2022, imekuwa ikizunguka madai hayohayo: vyeo, primu, na wenzao wanaofanya kazi bila kulipwa na serikali.

Ya pili ni kliniki ya mtu binafsi: zamu za usiku, malipo ya kupatana, na mwenye kituo anayetaka kujua kwa nini maabara ilipata wagonjwa wachache leo. Ya tatu ni shirika la kigeni au kampani ya migodi. Ya nne ni mpaka: Zambia iko karibu, na Afrika Kusini ina madaktari Wakongomani wengi, hata katika hospitali za vijijini ambazo vijana wa kule hawazitaki. Ya tano ni kusomea ubingwa ili asiitwe tena "daktari wa kawaida tu".

Katika njia zote tano hakuna hata moja inayosema: kaa Bel-Air, chukua familia elfu moja, uwajue, tutakulipa kwa kuwajua. Ndiyo maana kuwahubiria vijana upendo wa nchi hakutoshi. Mtu hawezi kuomba kazi ambayo haijaundwa.

Wengine walifanyaje

Nchi nyingine zilizogongana na ukuta huu zinatuonyesha mambo matatu.

La kwanza linatoka Mali. Mwisho wa miaka ya 1980, Bamako ilikuwa na madaktari vijana wasio na kazi, huku vijijini hakuna daktari. Shirika la Santé Sud, pamoja na madaktari wenyewe, lilianza kuwaweka mmoja mmoja katika vituo vya afya vya vijiji. Kijana hakutupwa peke yake. Alipewa mafunzo ya kumwandaa, vifaa vya kuanzia, mkataba na chama cha wakaaji kinachosimamia kituo, na wenzake wa kuwauliza, kwa sababu madaktari hao waliunda chama chao. Kijiji kilijua kinadai nini kwa daktari, na daktari alijua anadai nini kwa kijiji.

La pili linatoka Cuba. Kuanzia mwaka 1984 nchi hiyo iliweka daktari na muuguzi pamoja katikati ya mtaa, wakihudumia familia zipatazo 120. Kongo haiwezi kuiga hesabu hiyo kesho wala kesho kutwa. Cha kuchukua ni kwamba daktari hakuja kumfukuza muuguzi. Waliwekwa wawili, kila mmoja na kazi yake.

La tatu ni onyo kutoka kwa jirani. Kenya ilianza kufundisha ubingwa wa tiba ya familia katika Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, mwaka 2005. Wahitimu walikuwa wachache, na hata hao hawakukuta mara moja nafasi iliyoandikwa kwa jina lao. Mwaka 2018 serikali ilileta madaktari wapatao 100 kutoka Cuba, na ikawatuma madaktari wake 50 Cuba kusomea tiba ya familia. Mwaka 2023 ikaamua kutoendelea na mkataba huo, baada ya malalamiko ya muda mrefu ya madaktari wa nyumbani waliokuwa bila ajira. Kuleta watu bila kuunda nafasi ni kumwaga maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Hata Kongo haianzi na sifuri. Hospitali ya HEAL Africa mjini Goma, na ile ya Vanga katika jimbo la Kwilu, zimekuwa zikifundisha madaktari katika tiba ya familia. Njia ya masomo inajulikana. Bado haijawa njia ya kawaida ya kijana wa Lubumbashi.

Nani mwenye uwezo

Hapa watu wengi hunyoosha kidole Kinshasa. Kweli, mishahara na primu zinatoka kule, na mpango mkubwa wa siku hizi, afya kwa wote, ulizinduliwa kule. Kujifungua bila malipo kulianza Kinshasa mwezi Septemba 2023, kisha kukapelekwa katika majimbo mengine kwa hatua. Ni mwanzo wenye maana katika mji kama huu. Utafiti mmoja uliotolewa mwaka 2019 juu ya hospitali moja kubwa ya Lubumbashi ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya wamama waliofuatiliwa, wakiwa wamesharuhusiwa kurudi nyumbani, walizuiliwa hospitalini na watoto wao wachanga kwa sababu ya deni.

Lakini kujifungua ni siku moja. Miaka mingine yote ya maisha ya mama na mtoto inabaki mikononi mwa ngazi ya kwanza, na juu ya ngazi hiyo Katiba ya mwaka 2006 iko wazi. Kifungu cha 204 kinaorodhesha mambo ambayo ni ya jimbo peke yake. Kati yake kuna kupanga wafanyakazi wa tiba mahali pa kazi, kwa kufuata sheria ya watumishi wa serikali, na kuandaa na kuendeleza huduma za afya ya msingi. Kwa maneno mengine, swali la nani anakaa kituo gani Bel-Air ni swali la jimbo la Haut-Katanga kwanza.

Na makuta? Katiba ileile inasema, kwenye kifungu cha 175, kwamba asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na majimbo yamelalamika miaka yote kwamba hayapati sehemu hiyo kamili. Lalamiko hilo ni la haki. Ila Haut-Katanga ina mlango mwingine ambao majimbo mengi hayana. Sheria ya madini ilivyorekebishwa mwaka 2018 inagawa ushuru wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au usultani ambako mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kampani inapaswa pia kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazoizunguka.

Kartie isiyo na mgodi chini yake, kama Bel-Air, haiwezi kutegemea ile 15. Ile 25 ya jimbo ni ya wakaaji wote. Vumbi la malori halichagui komini, na hakuna sababu makuta ya shaba na kobalti yachague.

Hesabu ya mfano

Tuchukue eneo moja la afya lenye watu kama elfu 10. Ikiwa nyumba moja ina watu saba, hizo ni familia zaidi ya 1,400. Tuseme familia 1,000 zinakubali kuandikwa kwa daktari mmoja na timu ya wauguzi wake, na kila familia inachangia franka 4,000 kwa mwezi, iwe kuna mgonjwa au hakuna. Hiyo ni milioni 4 kila mwezi, inayojulikana mapema, kabla ya sindano hata moja. Tuseme familia 300 kati ya hizo haziwezi kulipa, na jimbo linazilipia: milioni 1.2 kwa mwezi, milioni 14.4 kwa mwaka. Jimbo likiongeza nyumba ya kukaa daktari na mashine ndogo ya ekografi, nafasi inaanza kufanana na kazi.

Ni hesabu ya mfano tu, na bei za dawa zitaibana. Lakini inaonyesha kitu kimoja: makuta ambayo familia zinamwaga leo kwenye fishi za vituo vitatu na serumu zisizohitajika ni mengi kuliko hayo. Yanatoka vibaya, kwa ghafla, siku ya ugonjwa, na hayamfungi daktari yeyote kwa mtu yeyote.

Mtego uko kwenye malipo. Mchango wa jimbo ukichelewa miezi sita, kituo kitarudi kuuza maabara, na wakaaji watasema walijua tangu mwanzo. Kwa hiyo mkataba lazima useme nani analipa lini, na kamati ya afya ya eneo, yenye wakaaji ndani yake, iwe na haki ya kuona kitabu.

Hofu tatu

Hofu ya kwanza ni ya wauguzi. IT aliyeongoza kituo miaka 15 anaona kijana anakuja kukaa kwenye kiti chake. Hofu hiyo ina msingi, na mpango usioijibu utakufa kwa ugomvi wa ndani. Muuguzi anajua kartie kuliko daktari yeyote mpya. Abaki mwenye chanjo, mwenye mimba za kawaida, mwenye ziara za nyumbani, na mgao wake katika mapato uandikwe. Daktari achukue yale yanayomlazimu mgonjwa leo kupanda teksi kwenda Sendwe au kliniki za chuo kikuu bila sababu ya kutosha.

Ya pili ni ya vituo vya watu binafsi. Baadhi vitapoteza wateja, na baadhi vinafaa kufungwa. Lakini vile vyenye madaktari wazuri vinaweza kuingia mkatabani: jimbo linunue kazi ya daktari wa familia kutoka kwao kwa masharti yaleyale ya orodha, faili na bei. Daktari ambaye tayari ana kibao Bel-Air ndiye rahisi kuliko wote kumpata, kwa kuwa amekwisha kufika.

Ya tatu ni nzito zaidi. Msomaji wa Mitwaba au Pweto atauliza: sisi tunamfuata daktari siku nzima kwa pikipiki, nanyi wa mjini mnataka wa kwenu wa nyumbani? Ana haki ya kuuliza. Jibu la kweli ni kwamba madaktari ambao Mitwaba inawahitaji leo wamekwama mjini, wanagombania wagonjwa walewale. Kituo cha Bel-Air chenye daktari wa familia mwenye uzoefu kinaweza kuwa mahali ambapo kijana anajifunza miaka miwili kabla ya kwenda mbali, akiwa na mkataba kama wa Mali na mtu wa kumpigia simu usiku. Mpango wa mji usiokuwa na kipengele hicho utakuwa ni upendeleo, na watu wa vijijini watakuwa na haki ya kuukataa.

Kikao cha Septemba

Kila mwaka mwezi wa Septemba bunge la jimbo linafungua kikao cha kujadili bajeti. Ndani ya bajeti hiyo kuna mstari wa afya, na mara nyingi unaosikika ni ule wa majengo: ukuta, paa, rangi, siku ya kukata utepe. Jengo linapigwa picha. Orodha ya familia haipigwi.

Wabunge wa Lubumbashi wanajulikana, na wengi wanapita Kampemba kuomba kura. Wakaaji wa Bel-Air, kamati zao za afya, makanisa na vyama vya wamama wa soko wana maswali matatu ya kuwapelekea kabla ya kikao hicho. Je, kuna nafasi ngapi za daktari wa ngazi ya kwanza zilizoandikwa katika bajeti ya jimbo, na katika maeneo gani? Sehemu gani ya ile asilimia 25 ya ushuru wa madini inalipa watu, tofauti na kuta? Na familia isiyo na uwezo wa kuchangia italipiwa na nani, tarehe gani ya mwezi?

Majibu yakiwa na namba ndani yake, mwaka ujao mama wa sokoni anaweza kuwa na jina la daktari wake kwenye simu. Yakikosa namba, vibao vitaendelea kuongezeka Bel-Air, na yeye ataendelea kufungua fishi.